Slaidi baadaye, kwanza shimo

Mara ya kwanza nilipokabidhiwa wanafunzi wa uzamili wa sayansi ya udongo niwaandae kuwa wahadhiri, nilimpa mmoja slaidi zangu nikamwambia, "Kesho unafundisha wewe." Akafundisha. Dakika 40 za smektaiti, aina ya madini ya mfinyanzi, darasa linanakili tu. Wiki iliyofuata tulikuwa Tabora, tumezunguka shimo la kukagulia udongo wa mbuga, yaani ule mfinyanzi mzito mweusi wa bondeni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akamwuliza: "Mwalimu, mbona ardhi hii imepasuka?" Kijana wa watu akapigwa na butwaa. Jibu alikuwa amelifundisha mwenyewe: smektaiti huvimba ikinyweshwa, hunywea ikikauka.

Siku hizi slaidi naziweka mwisho. Kila mmoja anapewa mteremko, jembe na chupa ya maji, aongoze wenzake kutoka mgongoni hadi bondeni: juu udongo mwekundu, chini yake udongo wa kichanga, wa tumbaku na karanga, mwisho mbuga nyeusi na majaruba ya mpunga. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliuita mfuatano wa namna hii katena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Mkulima wa Kinyamwezi hakuhitaji Kilatini kujua mpunga apande wapi na muhogo wapi.

Sharti langu ni moja: uliza, kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Wanafunzi wanalowesha udongo, wanaukanda, wanausukuma kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Kichanga kinamomonyoka, mfinyanzi unatoa utepe mrefu. Mwalimu mchanga (sikusudii utani) hawezi kuvumilia, mikono ya watu haijachafuka, keshasema, "Huu ni mfinyanzi." Somo limekwisha hapo. Mimi husimama nyuma nikihesabu kimoyomoyo hadi 20.

Halafu kuna majibu yasiyo sahihi, na haya ndiyo hazina. Wanaona mbuga ni nyeusi, wanasema ina mboji tele. Si lazima, mbuga nyingi ni nyeusi na mboji yake ni haba. Ukimkatalia mwanafunzi papo hapo, atakariri jibu lako na kubaki na imani yake. Mpe sampuli ipimwe maabara, aje na namba mwenyewe. Ndiyo maana kila mwalimu mwanafunzi wangu ana daftari la makosa anayoyasikia, na kabla ya kipindi nakagua hilo kuliko andalio la somo.

Kusahihisha mitihani tunajifunza haraka: wawili wanasahihisha karatasi zilezile kila mmoja kivyake, kisha wanabishana. Huwa wanabishana sana.

Yule kijana wa smektaiti sasa ni mhadhiri msaidizi. Juzi kanitumia ukurasa wa daftari lake. Kosa la tatu, la pH (kipimo cha uasidi wa udongo), sikuwahi kulisikia: "Kichanga hakina pH, maji yake yote yameshapita."