Okronosisi ya nyonga: gegedu linapogeuka jeusi

Daktari anafungua nyonga ya mtu wa miaka hamsini na kitu, anakuta gegedu, tishu inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, likiwa jeusi kama mkaa. Kawaida lingekuwa jeupe na lenye kuteleza. Wagonjwa wengine hugundulika hapo hapo, mezani pa upasuaji, ingawa dalili walikuwa nayo tangu wakiwa wachanga.

Hiyo ndiyo okronosisi, yaani kujaa kwa rangi nyeusi kwenye gegedu na tishu zinazofanana nalo. Chanzo chake ni alkaptonuria, ugonjwa adimu wa kurithi. Mwili huvunjavunja tirosini, sehemu mojawapo ya protini, hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani kichocheo kinachoiendesha. Kimeng'enya kimoja kisipofanya kazi, asidi ya homojentisiki hukwama njiani. Nyingi hutoka kwa mkojo. Mkojo wenyewe hutoka ukiwa na rangi ya kawaida, kisha ukikaa kwenye hewa unakuwa mweusi. Mama huona nepi imeingia weusi, anaifua, maisha yanaendelea.

Asidi inayobaki mwilini hujikusanya kwenye gegedu kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Humo hugeuka rangi nyeusi inayolikakamaza, hata likaanza kumeguka vipande kichwani mwa mfupa wa paja. Mwishowe mfupa husagana na mfupa. Mgonjwa huumwa kinena na kuchechemea. Kuinama avae soksi kunakuwa kazi. Mara nyingi mgongo huwa umeshatangulia kukakamaa. Ukimtazama vizuri utaona madoa meusi kwenye weupe wa macho, na masikio yenye rangi ya samawati iliyofifia. Dalili hizi ni rahisi kupitwa, na wengi huambiwa ni baridi yabisi au uzee tu.

Jina okronosisi lilitolewa na daktari Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1866. Mwaka 1902 daktari Mwingereza Archibald Garrod akaonyesha kwamba alkaptonuria hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, nao kwa kawaida ni wazima.

Dawa ya nitisinoni, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 kwa watu wazima, hupunguza sana asidi hiyo, lakini gegedu lililokwisha kuharibika hairudishi. Nyonga iliyofika huko huwekewa kiungo bandia. Kipimo cha mkojo hutosha kuithibitisha alkaptonuria, na akithibitika mmoja, ndugu zake wa baba na mama mmoja wapimwe pia, maana kila mmoja wao alizaliwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa nayo.