Mto Msimbazi haujawa "mtu" kisheria

Mvua za masika zikikaribia, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar es Salaam: eti Mto Msimbazi umetambuliwa kisheria kama mtu, yaani una haki zake wenyewe kama ya kumiliki mali, hivyo viwanja vya bondeni sasa ni mali yake.

Si kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kuidai mahakamani. Haki ni ya mkazi, si ya mto. Katazo la shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni lipo kweli, kifungu cha 57, ila hilo ni jambo jingine kabisa.

Mkanganyiko unaeleweka. Mwaka 2017 New Zealand iliupa Mto Whanganui hadhi ya mtu kisheria (hata huko, viwanja vya watu binafsi havikuchukuliwa), na jirani zetu Uganda waliziandika haki za mazingira asilia katika sheria yao ya 2019.

Ukitumiwa tena, muulize aliyetuma: sheria ipi, kifungu gani? Asipojibu, usiusambaze. Mwenye wasiwasi na kiwanja chake aulize ofisi ya ardhi ya manispaa.