Kushinda Pearl of Africa si kuwa bingwa wa Afrika

Kila Pearl of Africa Rally, mbio za magari za Uganda ambazo ni raundi moja ya ubingwa wa Afrika, inapomalizika, maneno ni yale yale, kuanzia redioni hadi kwenye stendi za bodaboda: fulani ndiye bingwa mpya wa Afrika. Bado. Ameshinda raundi moja.

Ubingwa ni hesabu ya msimu mzima. Kila raundi ina pointi zake kulingana na nafasi, zinajumlishwa, na mwenye nyingi raundi ya mwisho ikiisha ndiye bingwa. Wakilingana, kwa kawaida hutazamwa nani ana ushindi mwingi zaidi.

Hesabu hiyo haimpendelei mwenye kasi peke yake. Chukua pointi za Formula 1: 25 kwa wa kwanza, 18 kwa wa pili. Dereva akishinda raundi mbili na gari likamfia mbili, ana 50. Mwenzake akishika nafasi ya pili mara zote nne, ana 72 bila kushinda hata raundi moja. Ndiyo maana anayewinda ubingwa hupunguza mwendo penye mawe, watazamaji wakamwita mwoga. Jiwe moja likitoboa sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili inamwagika, injini inakwama, na raundi nzima inaandikwa sifuri.

Mwaka 2006 dereva wa rali Sébastien Loeb alivunjika mkono kwa kuanguka na baiskeli, akakosa rali nne za mwisho za ubingwa wa dunia. Mpinzani wake Marcus Grönholm aliendelea kukusanya pointi, akaishia na 111. Loeb alikuwa na 112 tayari. Ubingwa ukaenda kwa mtu ambaye hakuwa amegusa usukani katika raundi hizo zote.

Kuna msimu uliokuwa na hesabu ya ajabu zaidi, ule wa Formula 1 wa 1988. Ushindi ulikuwa pointi 9, nafasi ya pili 6, na kati ya mbio 16 dereva alihesabiwa matokeo 11 bora tu. Alain Prost alikusanya 105, Ayrton Senna 94. Lakini Prost, mwenye ushindi saba na nafasi za pili saba, alilazimika kuziacha tatu kati ya hizo za pili: pointi 18 zikayeyuka, akabaki na 87. Senna, mwenye ushindi nane, akabaki na 90 na ubingwa. Kanuni za msimu husomwa kabla ya jedwali.

Wenzetu wengi huteleza kwa dereva Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, wanayemwita bingwa wa dunia kwa sababu alishinda Safari Rally mara tano: 1973, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo. Safari ilikuwa raundi ya ubingwa wa dunia, ni kweli. Ila mwaka 1973 ubingwa huo ulikuwa wa watengenezaji wa magari tu. Wa madereva ulianza 1979, na wa kwanza kuutwaa akawa Björn Waldegård. Mehta alikuwa bingwa wa Afrika wa 1981. Dereva wetu Charles Muhangi naye aliupata ubingwa huo wa Afrika mwaka 1999, kwa pointi za msimu. Kwa hiyo atakayeshinda Pearl ijayo, mpongeze kwa Pearl, kisha uulize zimebaki raundi ngapi.