"Nilikuwa Nitarudisha": Dhana Potofu za Jinai Tunazozisikia Mombasa

Ukikaa asubuhi nje ya Mahakama za Mombasa, pale jamaa wanapongoja jina la kijana wao liitwe, utasikia maneno yale yale: atarudisha, ameshaomba radhi, wazee wameshakaa, hakukusudia yafike huku. Karibu yote ni mambo ya baada ya tendo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, huanza na maswali mengine: ulifanya nini, na ulipokuwa ukifanya ulikuwa na nia gani? Toba na fidia huweza kupunguza adhabu. Kosa lenyewe linabaki pale pale, na inauma kuona mtu asiye mkorofi akiligundua hilo akiwa tayari yuko kizimbani.

Sheria yenyewe ni nzee. Ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1930, ikachukua nafasi ya kanuni ya adhabu ya India ambayo Waingereza walikuwa wakiitumia huku tangu mwisho wa karne ya 19. Wakati huo Fort Jesus ilikuwa jela, na ikaendelea kuwa jela hadi 1958. Ngome sasa ni makumbusho, lakini vifungu vingi vya 1930 bado vinafunga watu. Na kifungu cha 7 kinasema wazi kwamba kutojua sheria hakumwokoi mtu, ndiyo maana nimeona tuyazungumze haya.

"Kukopa kwenye droo ya duka si wizi, mradi utarudisha"

Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu anayeiamini huwa ni mtu mwaminifu.

Chukua kijana anayeuza leso kwenye duka la Biashara Street. Ijumaa jioni anafunga hesabu. Nyumbani mama anaumwa, dawa zimekwisha, mshahara bado. Anatoa shilingi 4,000 kwenye droo, anaandika kikaratasi "4,000, Jumatatu inshallah", anakibana chini ya kikokotoo na kurudisha funguo. Jumamosi tajiri, mwenye duka, anafika mapema kuliko kawaida, anahesabu, pesa hazitoshi. Kijana anajibu kwa moyo mweupe: nilikuwa nitarudisha.

Kwa vitu vingi, wizi unahitaji nia ya kumnyima mwenyewe mali yake kwa kudumu. Ukichukua baiskeli ya jirani ukazunguke nayo kisha uirudishe, hilo ni swali jingine. Lakini pesa zimewekewa kanuni yake. Kifungu cha 268 kinasema kwamba ukichukua pesa kwa nia ya kuzitumia utakavyo, nia hiyo inatosha kuwa ya udanganyifu hata kama ulikusudia kumlipa mwenyewe baadaye. Jibu la kijana, ambalo yeye analiona ni utetezi, limekaribia kuwa ungamo. Wizi wa kawaida kifungo chake hufika miaka 3; mwajiriwa akimwibia mwajiri, kifungu cha 281 kinafikisha miaka 7.

Kile kikaratasi si bure. Wakili anaweza kukitumia kuonyesha kwamba hakuwa akificha kitu, na kama tajiri alikuwa na desturi ya kuruhusu wafanyakazi wachukue na kuandika, kijana anaweza kusema aliamini kwa dhati kuwa ana haki. Kifungu cha 8 kinaitambua imani ya namna hiyo. Lakini hayo yote ni ya kubishaniwa mbele ya hakimu. Kumpigia tajiri simu kabla ya kufungua droo kungemaliza mambo.

Vitu vilivyookotwa navyo vina mkanganyiko wake. Umeona simu kwenye kiti cha matatu ya Bamburi, ukaitia mfukoni. Sheria inamsamehe mwokotaji asiyemjua mwenyewe na mwenye sababu ya maana kuamini kuwa hawezi kupatikana. Sasa simu inaita, kiooni pameandikwa "Mama", nawe unaizima na kutoa laini. Hapo huwezi tena kusema mwenyewe hajulikani. Na aliyeuziwa simu hiyo usiku Mwembe Tayari, bila boksi wala risiti, kwa bei ya kutupa, asijipe moyo kwamba "mimi nilinunua, sikuiba". Kifungu cha 322 kinamgusa anayepokea mali akijua ni ya wizi, au akiwa na sababu ya kuamini hivyo, na kifungo kinafika miaka 14. Ndiyo, ni kirefu kuliko cha mwizi wa kawaida.

"Hakuvunja mlango, hakuingia ndani"

Usiku wa Machi, joto la Mombasa halilali, na nyumba za Majengo nyingi huacha dirisha limerudishwa tu bila komeo. Mtu anakuja na fito ndefu yenye ndoano, anasukuma dirisha polepole, anapitisha fito na kuvuta suruali iliyotundikwa. Hakupasua kitu, na hata kidole chake hakikuvuka ukuta.

Kwa kifungu cha 303 amevunja na ameingia. Kuvunja ni pamoja na kufungua kwa ufunguo, kuvuta, kusukuma au kuinua kitu chochote kinachofunika uwazi wa nyumba. Kuingia kunatimia mara sehemu yoyote ya mwili wake, au ya chombo anachotumia, inapokuwa ndani. Mchana hili ni kosa la hadi miaka 7; usiku ni miaka 10. Na "usiku" hauachiwi mtu akadirie kwa giza: kifungu cha 4 kimeuweka kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Huku kwetu mpaka wa jioni uko karibu kabisa na adhana ya Magharibi, kwa hiyo dakika kumi zinaweza kumwongezea mtu miaka mitatu.

"Wizi wa mabavu ni lazima kuwe na bunduki"

Wazazi wa vijana wa mitaani walisikilize hili kwa makini. Wizi unakuwa wa mabavu pale nguvu au vitisho vinapotumika wakati wa kuiba, au punde kabla yake au baada yake. Kisha kifungu cha 296(2) kinataja hali zinazoufikisha kwenye adhabu ya kifo: kuwa na silaha ya hatari, au kuwa na mwenzako mmoja au zaidi, au kumpiga au kumjeruhi mtu. Neno lenye uzito hapo ni "au". Moja tu likithibitishwa limetosha. Vijana wawili mikono mitupu, mmoja anampiga kofi abiria kwenye foleni ya feri Likoni, mwingine anachomoa simu: hilo ni shtaka la kunyongwa, kwa simu ya shilingi elfu chache. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini hukumu bado hutolewa, na miaka ya jela ni ya kweli. Mimi naona kifungu hiki kimekaza kupita kiasi. Maadamu hakijabadilishwa, kijana anayesema "mimi nilisimama tu" anapaswa kujua kwamba kifungu cha 20 kinamhesabu msaidizi kuwa mtenda kosa kamili.

"Sikutaka afe, nilitaka kumvunja miguu tu"

Watu wengi hudhani mauaji ni ya aliyepanga kuua, na mengine yote ni kuua bila kukusudia. Kifungu cha 206 ni kipana zaidi. Nia ya kumdhuru mtu vibaya inatosha. Kujua kwamba tendo lako huenda likaua au kudhuru vibaya, ukaendelea bila kujali, kunatosha pia. Anayesema alitaka kuvunja miguu amekwisha kuieleza nia yake.

Hapa ndipo penye hatari ya ule ukelele wa "mwizi!" Umati unamzunguka mtu kando ya soko la Kongowea, huyu ana jiwe, yule ana mbao, wa tatu kaleta tairi. Kila mmoja baadaye husema pigo lake halikuwa lililoua. Kifungu cha 21 kinasema watu wakiungana katika kusudio moja lisilo halali, na kosa likatokea kama tokeo linalotarajiwa la kusudio hilo, kila mmoja anahesabiwa amelitenda. Aliyepigwa angekuwa mwizi kweli, adhabu yake pengine ingekuwa miaka 3. Waliompiga wanasubiri Mahakama Kuu. Ni kweli kwamba tangu Desemba 2017 Mahakama ya Juu imeondoa ulazima wa adhabu ya kifo katika kesi za mauaji, na jaji anaweza kupima hali za mshtakiwa. Bado anaweza kuitoa, na bado anaweza kutoa kifungo cha maisha.

Wengine hujitetea kwa sababu: niliiba kwa njaa, nilimpiga kwa wivu. Kifungu cha 9 kimetenganisha nia na sababu iliyokusukuma. Sababu haifuti hatia, labda sheria iseme hivyo waziwazi. Itunze kwa ajili ya wakati wa kuomba kupunguziwa adhabu, na hapo iseme yote. Pombe nayo haimsafishi aliyekunywa kwa hiari yake, ingawa mahakama huweza kuuzingatia ulevi inapopima kama aliweza kuwa na nia inayotakiwa.

"Asiyelipa deni ni mwizi, akamatwe"

Hapa watu hukosea upande wa pili, wakimpeleka polisi mtu ambaye sheria ya jinai haimgusi. Udanganyifu wa kujipatia mali, kwa kifungu cha 312, ni kauli ya uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo sasa, na msemaji anajua ni uongo. Ahadi ya kesho haimo. "Nitakulipa mwisho wa mwezi" ikivunjwa, ni dai la kufungua katika mahakama ya madai. Lakini anayekuonyesha kiwanja Likoni na kusema "hiki ni changu, hakijauzwa", huku anajua alishamuuzia mwingine, amesema uongo kuhusu jambo lililopo, na akipokea pesa zako kwa kauli hiyo kifungo kinafika miaka 3. Kabla hujaenda kituoni, jiulize alikwambia nini hasa siku ile, na nani alisikia.

"Hakuna damu, hakuna kesi, na mambo ya nyumba ni ya Kadhi"

Kofi bila alama ni shambulio, hadi mwaka 1. Likileta dhara, miaka 5, na dhara kwa kifungu cha 4 ni pamoja na maumivu au ugonjwa wa muda mfupi. Dhara kubwa hufika kifungo cha maisha. Kiwango hicho hutegemea sana daktari anavyojaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, kwa hiyo dada aliyepigwa aende hospitali mapema, akiwa na namba yake ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, kabla uvimbe haujashuka.

Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, ina mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Haisikilizi jinai. Mke anaweza kudai talaka kwa Kadhi huku mashtaka ya kupigwa yakiendelea kwa hakimu. Njia moja haifungi nyingine, na hakuna kifungu kinachompa mume ruhusa ya kupiga.

Kuhusu watoto: Kanuni ya Adhabu iliweka umri wa kuwajibika kwa jinai kuwa miaka 8, lakini Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha hadi 12. Chini ya hapo mtoto hana hatia ya jinai. Chini ya 14 anachukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka ithibitishwe vingine.

"Nimemsamehe, naenda kufuta kesi"

Mlalamishi anafika kwa karani na barua ya wazee, anashangaa kuambiwa haitoshi. Kesi imeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Yeye ni shahidi. Kwa makosa madogo ya watu binafsi, kama shambulio la kawaida, hakimu anaweza kuhimiza suluhu, na hilo ni jambo jema ambalo wazee wetu wanalijua vizuri. Kwa mengine, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiye huomba kuiondoa kesi, tena kwa ruhusa ya mahakama. Shahidi aliyeitwa akakosa kufika anaweza kutolewa hati ya kukamatwa.

Mtoto akinajisiwa, familia mbili haziwezi kulimaliza sebuleni kwa mahari wala kwa fidia. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeuondoa mikononi mwa familia, na hata mwa askari wa kituo, uamuzi wa kuziacha kesi hizo, na baba aliyepokea pesa ili mtoto wake anyamaze anaweza kujikuta naye anashtakiwa.