Panya buku na TB: mnyama kunusa ugonjwa maana yake nini?

Mnyama mnusa ugonjwa ni mnyama aliyefunzwa kutoa ishara moja, ileile kila mara, anapokutana na harufu inayotokana na ugonjwa fulani, na kupita bila kusimama kwenye harufu nyingine. Ugonjwa wenyewe haujui. Anachojua ni kwamba harufu hii inaleta chakula na ile hailipi kitu. Ukilishika hilo, utaelewa jinsi kazi hii inavyofanyika na jinsi inavyoharibika.

Vimelea vya maradhi hutoa gesi vinapokula na kuzaliana, na mwili unaougua nao hubadilika harufu. Mwaka 1989 madaktari wawili wa London waliandika katika jarida la Lancet kuhusu mbwa aliyeng'ang'ania kunusa doa moja mguuni kwa mwenye mbwa. Doa lilipopimwa likakutwa ni saratani ya ngozi. Baadaye mbwa wakajaribiwa kwa saratani ya kibofu, kwa Uviko-19, na kwa malaria, ambako walinusishwa soksi zilizovaliwa na watoto wa Gambia.

Huku kwetu kazi hiyo inafanywa na panya buku. Shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji, liko Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 2000. Lilianza na panya wa kutafuta mabomu ya ardhini, kisha likaingia kwenye kifua kikuu. Panya buku ana uzito wa kilo 1 na ushee, haoni vizuri, na akitunzwa huishi miaka 8 hivi. Mbwa huzoeana na mtu wake. Panya buku hufanya kazi na mkufunzi yeyote aliyepo zamu, na hilo kwa maabara ni faida kubwa.

Kitoto huanza kuzoeshwa watu kikiwa na wiki chache: kinabebwa, kinawekwa begani, kinasikilizishwa magari na kelele, ili ukubwani kisishtuke ovyo. Halafu kinafundishwa mlio. Mkufunzi anabofya kidude kidogo mkononi, kinalia "tk", na papo hapo panya anapewa ndizi iliyopondwa kupitia bomba la sindano lisilo na sindano. Mlio ndio unaomwambia panya ni kitendo gani hasa kimelipwa, kwa sababu chakula siku zote huchelewa kidogo. Ukichelewa kubofya hata nusu sekunde, panya ameshatoa pua kwenye tundu analonusia, na wewe umemlipa kwa kutoa pua.

Hatua ya tatu ni makohozi. Kwanza yanapashwa moto hadi nyuzi 90 kwa dakika 30 ili vimelea vife, harufu hubaki. Yanawekwa kwenye vikombe chini ya kizimba kirefu chenye matundu 10 sakafuni. Panya anaanza na tundu moja lenye makohozi ya mgonjwa. Akituliza pua hapo, mlio na chakula. Muda unaongezwa pole pole hadi afike sekunde 3, maana kupita tu juu ya tundu si ishara. Kisha makohozi yasiyo na TB yanaingizwa, moja, mawili, hadi mstari mzima. Akisimama pasipo na ugonjwa hapati kitu, wala haadhibiwi. Mafunzo yote huchukua miezi 9 hivi, na mwisho kuna mtihani ambao anayemshika panya hajui kikombe kipi ni kipi. Akijua, bega lake au pumzi yake itamponza: panya atasoma mtu badala ya kunusa.

Ugumu mkubwa unakuja siku ya kazi halisi. Sampuli zimetoka vituo vya afya na nyingi zimeshasomwa huko kwa darubini zikaonekana hazina TB. Panya akisimama kwenye mojawapo, umlipe au usimlipe? Ukimlipa na sampuli ni salama, umemfundisha uongo. Usipomlipa kamwe, baada ya siku kadhaa ataacha kusimama kabisa. Kwa hiyo sampuli chache ambazo TB yake imeshathibitishwa huchanganywa katikati, na hizo tu ndizo zinazolipwa. Anayemshughulikia panya hutaja namba ya tundu, na mwenzake mwenye karatasi ndiye humwambia kama abofye.

Hapo hapo kuna mtego. Kama sampuli zinazolipa zote zimetoka hospitali moja, au zimekaa kwenye friza muda mrefu kuliko zingine, panya atajifunza harufu ya hospitali hiyo au ya friza. Kwenye karatasi ataonekana hodari, na TB haitambui. Ndiyo maana zinazolipa na zisizolipa lazima zitoke sehemu zilezile, zihifadhiwe vilevile, katika vikombe vya aina moja, na zitoke kwa wagonjwa wengi tofauti. Ukirudia sampuli za watu wachache, panya huzikariri moja moja. Matundu nayo husafishwa, la sivyo panya wa pili atafuata mate ya wa kwanza.

Kazi ikienda sawa, panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20. Mtaalamu mwenye darubini angehitaji siku kadhaa. APOPO inaeleza kuwa vituo inavyoshirikiana navyo vimeongeza wagonjwa wanaobainika kwa takriban asilimia 40. Wengi wa hao ni watu walioambiwa hawana, kwa kuwa darubini hukosa makohozi yenye vimelea vichache, kama ya watoto na ya wanaoishi na VVU.

Hata hivyo panya hatoi jibu la mwisho, na Shirika la Afya Duniani halijampitisha kuwa kipimo cha TB. Sampuli aliyoisimamia hurudiwa maabara kwa njia nyeti zaidi, na mgonjwa hutafutwa maabara ikishathibitisha. Na akiipita sampuli yako hujapewa cheti cha uzima: kikohozi kikifika wiki 2 bado unatakiwa urudi kituoni, upimwe tena.