Unakuja Mwezi Gani, na Mwezi Umeandama Lini?

Ujumbe ninaoupata sana kwenye simu ni huu: "Habari, nataka kuja Malindi siku nne, bahari na wanyama. Bei ngapi?" Nami hujibu kwa swali: unakuja mwezi gani? Akishasema, namuuliza la pili: siku hizo mwezi utakuwa wa ngapi? Hapo wengi hudhani nimechanganyikiwa. Mwezi wa kwanza ni wa kalenda ya ukutani, wa pili ni ule wa angani, na yote miwili ina mkono wake ndani ya pochi yako.

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Nyumbani ni Malindi, na Lamu naenda kila nikipata wageni wenye subira. Wengi wao ni Wakenya wa bara wanaoishi kwa mshahara, waliochanga pole pole kuanzia Januari. Wanakuja wamejiandaa kupatana bei, maana wameambiwa pwani lazima upatane. Sawa, patana. Utapunguziwa mia mbili. Upepo, mwezi na mto vitakupunguzia maelfu, na havitaki maneno mengi.

Nianze na upepo. Kuanzia Disemba hadi Machi ni kaskazi: jua kali, bahari tulivu asubuhi, maji maangavu. Huo ndio wakati wa picha zote unazoziona, na wiki mbili za Krismasi na mwaka mpya ndizo bei hupanda juu ya mnazi. Aprili hugeuka kusi, na masika inaingia nayo. Bahari inavurugika, mwani unatupwa ufuoni mirundo kwa mirundo, na hoteli nyingi za wageni wa Kiitaliano hufunga baada ya Pasaka zikasubiri Julai. Mei mji huu huwa wetu wenyewe. Mwenye nyumba ambaye Disemba hapokei simu yako, Mei anakupigia yeye. Kama haja yako ni kulala, kula samaki na kusikiliza mvua kwenye makuti, njoo Mei. Kama ni kuogelea na kuona samaki wa matumbawe, Mei utakuwa umenunua chumba rahisi kando ya bahari ya rangi ya chai ya maziwa.

Rangi hiyo huwashtua watu. Mgeni mmoja alinishika mkono akaninong'oneza kama kuna bomba la maji taka limepasuka. Hapana, huo ni mto. Mto Athi unatoka nyanda za juu, ukipita Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki, nao unaingia baharini kaskazini kidogo ya mji. Mvua ikinyesha bara, udongo wote mwekundu wa njiani unashuka hadi hapa. Kwa hivyo kabla ya kulipia mashua ya kwenda kwenye matumbawe ya Malindi, usiangalie mawingu ya Malindi peke yake. Uliza kama bara kumenyesha. Maji yakiwa machafu huku, mara nyingi Watamu kuna nafuu, kwa kuwa iko mbali zaidi na mdomo wa mto.

Mimi nikiachiwa nichague, nasema nusu ya pili ya Februari hadi kabla ya Pasaka. Fujo za Disemba zimeisha, bahari bado safi, na Tsavo imekauka kiasi kwamba wanyama wanafuata mto. Oktoba nayo si mbaya, upepo ukiwa bado unakata shauri uende wapi. Wanaotaka nyangumi hawana la kuchagua: nyangumi nundu hupita Watamu kati ya Julai na Septemba wakitoka bahari za kusini kuja kuzaa, na huo ni wakati wa kusi. Safari hiyo si rahisi kwa pesa wala kwa tumbo.

Sasa mwezi wa angani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati, karibu siku ya nane na ya ishirini na mbili tangu mwezi uandame, ni maji mafu, hayendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Mpaka hapo mtoto yeyote wa pwani anajua. Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni saa. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa kati ya saa nne na saa sita mchana, na kujaa saa kumi hivi, alasiri na alfajiri. Siku za maji mafu mambo yanapinduka: asubuhi ya saa nne, saa tano, ndipo maji yamejaa. Kila siku saa inasogea mbele kwa karibu dakika 50. Ukiwa na kalenda ya msikiti, ile yenye tarehe za Kiislamu, unaweza kupanga likizo yote ukiwa Kisumu.

Kupanga nini? Kutazama matumbawe kunataka maji yaliyopwa, kwa hivyo njoo siku za bamvua, uingie hifadhi ya bahari asubuhi, na mchana uwe umemaliza. Hifadhi za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, na kwa maji madogo huhitaji vifaa vya kuzamia. Miwani ya maji na pumzi zako zatosha. Siku hizo hizo pia fungu za mchanga hutokeza katikati ya bahari huko Mayungu, kati ya Malindi na Watamu, watu wakashuka kucheza mpira. Lakini mtumbwi wa kupita kwenye mikoko ya hori ya Mida, karibu na Watamu, unataka maji yaliyojaa. Ukija bamvua ukataka mtumbwi saa nne asubuhi, utalipia mtumbwi ukae kwenye tope.

Nalijua tope hilo. Mwaka mmoja nilipeleka akina mama wanne wa chama, kutoka Nakuru, kwenda Takwa, magofu yaliyoko kisiwa cha Manda mkabala na Lamu. Njia yake ni mkondo mwembamba wa mikoko. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, na wageni wangu walikuwa wamechelewa kunywa chai. Kapteni, mtu mzima, akatazama maji akaniambia, "Mwanangu, maji yanatoka haya. Tukiingia tutapwelewa." Nikamjibu, "Ami, twende tu, tutawahi." Ilipofika saa tatu u nusu tulikuwa tumekaa upande, mashua imelala juu ya matope, na mama mmoja anauliza kwa upole, "Kapteni, hii bahari imeenda wapi?" Tulikaa hadi saa nane kasoro, sisi na mbu. Kapteni nilimlipa siku nzima badala ya nusu, kutoka mfukoni mwangu, na hakunisema hata neno moja. Takwa yenyewe tuliiona siku nyingine: msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na kaburi la mnara. Watu wa Shela huenda hapo kuzuru na kuomba mvua.

Wanyama ndipo pochi hutoka damu, na hapa wengi hulaumu lango la hifadhi. Lango lina bei yake, kweli, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori halipokei pesa taslimu. Unalipa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Lipa ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri, na mwananchi asisahau kitambulisho, maana bila hicho hana la kumwonyesha askari. Lakini kwa Mkenya gharama kubwa ni gari. Tuseme, kwa mfano tu, gari la paa la kuinuka pamoja na dereva na mafuta ni shilingi 24,000 kwa siku. Mkiwa wawili, kila mmoja 12,000. Mkiwa sita, 4,000. Hakuna kupatana duniani kutakakokupa punguzo hilo. Ndiyo maana nawaambia watu: tafuta wenzako kabla hujatafuta dereva. Uliza unapolala, uliza akina sisi wa kazi hii, na ukubali siku ya safari iwe ile gari litakapojaa.

Kutoka Malindi tunaingia Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, zaidi ya kilomita 100. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Mtu anayeondoka Malindi saa mbili baada ya mahamri anafika jua likiwa utosini na wanyama wamelala kivulini, amelipia siku nzima apate nusu. Ondoka kabla ya alfajiri ukifungiwa chai kwenye chupa. Ndani, barabara inaandamana na Galana, na wakati wa kiangazi mto ndio unaokukusanyia wanyama: ndovu wekundu kwa vumbi la pale, twiga, choroa, na swala twiga anayesimama kwa miguu miwili kama anayechungulia dirishani.

Na kama hata hiyo 4,000 haipo? Nenda mdomo wa Sabaki. Steji ya Malindi panda matatu ya Mambrui, mwambie makanga akushushe daraja la Sabaki, halafu umlipe kijana wa kijijini akuongoze hadi mtoni. Viboko wapo, na ndege ni wengi, pengine na heroe. Huyo kiongozi usimkwepe ili uokoe hela ya soda. Anajua viboko wamelala wapi, na jioni wakitoka kula majani hutaki kuwa kati yao na maji. Ondoka kabla ya magharibi.

Mahali pengine pasipohitaji gari ni msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa kuwa ni wa kutembea kwa miguu. Ni kama kilomita mraba 420, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki, na ndani yake kuna sengi mwenye matako ya dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga na ukubwa wa sungura mdogo. Huwezi kumwona ukiwa ndani ya gari hata ulipe nini. Ingia alfajiri na mwongozaji wa msitu. Ukitoka, magofu ya Gede hayako mbali: mji wa Waswahili uliokuwa na msikiti mkubwa, jumba la kifalme na visima, uliohamwa katika karne ya 17. Mwaka 2024 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kima wa pale wana adabu za wezi. Ndizi yako kaa nayo ndani ya mkoba. Msitu, magofu, na nauli ya matatu ya Malindi kwenda na kurudi: hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote ninazowauzia wageni, na ndiyo inayoniingizia pesa kidogo kuliko zote.

Ukija kwa treni kutoka Nairobi hadi Mombasa, panda ile ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, ukae dirishani. Reli inapita Tsavo mchana kweupe, na nimekutana na wageni walioona ndovu kabla hawajaniona mimi. Ya usiku itakuonyesha uso wako kwenye kioo.

Chakula sina mengi. Kula tunapokula. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na samaki kwenye hoteli za ndani ya mji, jioni viazi karai na mishkaki kando ya barabara. Jua tu kwamba "hoteli" hapa ni pa kula; pa kulala uliza lojingi. Na mtu akikuanza kwa "Ciao", ujue bei itakuja kwa Kiitaliano pia. Mjibu "Salaam aleikum" au "Habari ya asubuhi" uone inavyoteremka ngazi.

Lamu ni mwendo wa basi wa kilomita 220 hivi, kupitia Garsen na Witu hadi jeti ya Mokowe. Mabasi yanayotoka Mombasa hupita Malindi asubuhi. Kata tikiti jana yake. Njiani kuna vizuizi vya polisi, kitambulisho kiwe mkononi si chini ya begi. Mokowe utazungukwa na watu wa kukubebea mzigo uingie kwenye spidi, boti ya mwendo wa kasi. Boti ya abiria ipo, inasubiri ijae, inafika Lamu ile ile. Vaa boya hata kama wenyeji hawavai. Usije wakati wa Maulidi, Mfungo Sita, bila kuwa na pa kulala, kwa maana hata barazani watu hulala. Mwezi wa Ramadhani, mchana hoteli zimefungwa, lakini baada ya magharibi utakula vitu ambavyo miezi mingine havipikwi kwa kuuza, na mkate wa mofa ukiwa moto.

Kutoka mjini kwenda pwani ya Shela wengi hulipa boti. Ni mwendo wa dakika 40 kwa miguu kando ya maji, bure, punda wakikupita. Ila ni njia ya maji kupwa. Ukikuta bahari imegusa ukuta, vua viatu uvuke, au rudi mjini, uwanja wa Mkunguni, ukanywe kahawa chungu hadi maji yatoke.