Kukaa kando ya bandari karibu na mjini: watu wanavyodhani na ilivyo

Ukisema unakaa kando ya bandari, na mjini ni hapo ng'ambo, watu wanakuangalia kama umeshinda bahati nasibu.

Hiyo "hapo ng'ambo" ndo dhana ya kwanza. Ukikaa barazani maghorofa ya mjini unayaona mpaka taa za ofisini, lakini katikati kuna maji na we si samaki. Ratiba ya kivuko ndo umbali wako, ukikosa cha mwisho usiku unazunguka na barabara mpaka daraja lilipo na ile kilomita moja inaweza kugeuka kumi. Kwa hiyo kabla ya kulipia nyumba uliza kivuko cha mwisho saa ngapi, habari za kilomita achana nazo.

Halafu kuna wanaosema upepo wa bahari unatunza nyumba. Upepo upo kweli, mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji ndo hewa inavuma kutoka baharini, ila haiji mikono mitupu, inakuja na chumvi. Chumvi inavuta unyevu, inaganda kwenye chuma, kutu inaanza kazi. Bawaba za dirisha zinakuwa kahawia, komeo linagoma, kila msumari unatoa mchirizi ukutani, na yale mapezi ya aluminiamu kwenye AC ya nje ukiyagusa yanasagika kama biskuti. Fundi akikwambia "hii steinlesi", yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, muulize namba ya aina yake, 304 itashika madoa tu, afadhali 316 ambayo ina molibdenamu, metali inayoisaidia kuhimili chumvi, na hiyo nayo ioshwe na maji ya bomba mara kwa mara.

Eti usiku kimya? Meli ikifunga gati jenereta zake zinaendelea kunguruma, labda bandari iwe inaipa umeme wa nchi kavu. Tena usiku hewa iliyo karibu na maji ikipoa kuliko ile ya juu yake sauti inapinda kurudi chini, mnyororo unaoburutwa ng'ambo unausikia kama uko uani kwako. Moshi angalau una nafuu, tangu 2020 salfa kwenye mafuta ya meli mwisho ni 0.5%, zamani ilikuwa 3.5%. Masizi bado, pitisha kidole dirishani utaona.

Na ile ya "maji hayafiki hapa, nimeangalia mwenyewe". Umeangalia lini? Njoo siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa ya maji kujaa, na usikodolee macho ukuta wa gati, kodolea mtaro wa mvua mbele ya nyumba maana maji ya bahari yanapandia humo humo kinyumenyume.